Shahidi wa Hesabu

Tuseme mfanyabiashara ameteremka kutoka milima ya Fizi hata Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Analeta magunia 38 ya unga wa muhogo, kila gunia kilo 47. Mwanawe, mwanafunzi, amezidisha, akaandika kilo 1,776. Je, ni haki? Daftari likikosea, hapana budi mmoja adhulumiwe: ama muuzaji, ama mnunuzi.

Iko njia ya kupima hesabu bila kuirudia yote. Wataalamu wa Kiarabu waliijua zamani, naye Leonardo wa Pisa aliifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1202. Jumlisha tarakimu za kila namba hata ibaki tarakimu moja. Katika 38, 3 na 8 ni 11. 1 na 1 ni 2. Katika 47, 4 na 7 ni 11, tena 2. Sasa zidisha: 2 mara 2 ni 4. Basi jawabu la haki lazima litoe 4. Lakini 1,776 hutoa 21, ndiyo 3. Kosa limefichuka! Mtoto akirudia atapata 1,786, ambayo hutoa 22, ndiyo 4.

Sababu yake ni nini? Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 999 na 1. Ukiziondoa hizo tisa zote, kila tarakimu hubaki peke yake, kana kwamba haikuwa na nafasi.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Mtoto angaliandika 1,876, shahidi wetu angalinyamaza, maana tarakimu ni zile zile, ila zimebadilishana nafasi. Na kilo 90 zingaliongezwa bure. Shahidi huyu akikataa, kosa lipo hakika. Akikubali, angalieni tena.

Tarakimu zina na michezo yake. Katika 135, jumla ni 9, nazo zikizidishwa ni 15. Na 9 mara 15 ni 135! Hivyo hivyo 144. Zaidi ya 1, namba nyingine ya namna hii haiko.

Nanyi vijana, jaribuni 29: 2 mara 9 ni 18, 2 na 9 ni 11, jumla 29. Jaribuni 19, 39, hata 99. Kwa nini zote huishia na 9? Tafuteni wenyewe.