Kuta zilizoanguka Yeriko: tunajifunza nini kutokana na matetemeko ya kale?

Kila mara tetemeko la ardhi linapopita, tunasikia maneno yale yale: "Hata babu zetu hawakuona jambo kama hili." Mara nyingi ni kweli. Lakini kumbukumbu ya babu haifiki mbali sana, na mahali pengi tetemeko kubwa hurudi baada ya mamia ya miaka, au hata maelfu. Kizazi kilichoona kinakufa, wajukuu wanasahau, na nyumba zinajengwa tena kana kwamba ardhi haijawahi kutikisika.

Vyombo vya kupimia matetemeko navyo vina umri wa zaidi kidogo tu ya miaka 100. Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta mashahidi wazee zaidi, yaani magofu ya makazi ya kale. Katika makala hii tunaangalia ushahidi huo katika mji ambao wasomaji wetu wengi wanaujua kutoka katika Biblia, mji wa Yeriko. Kisha tunauliza unatuhusu nini sisi tunaojenga nyumba, shule na makanisa leo.

Mji juu ya mji

Yeriko ya kale ni kilima kinachoitwa Tell es-Sultan, kaskazini mwa Bahari ya Chumvi, katika Ukingo wa Magharibi, Palestina. Kiko takriban mita 250 chini ya usawa wa bahari. Kando yake kuna chemchemi, na mapokeo yanasema ndiyo ile ambayo maji yake yaliponywa na nabii Elisha (2 Wafalme 2:19–22). Kwa ajili ya maji hayo watu walianza kuishi hapo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Sehemu kubwa ya kilima hicho imetokana na kazi ya mikono ya watu. Nyumba ya matofali ya udongo ilipoanguka, wenyeji walisawazisha kifusi na kujenga nyingine juu yake. Ni kama magunia yanayopangwa ghalani: la chini kabisa ndilo lililoingia kwanza. Mwanaakiolojia anayechimba kwenda chini anarudi nyuma katika wakati, tabaka baada ya tabaka.

Kati ya mwaka 1952 na 1958 Kathleen Kenyon kutoka Uingereza aliongoza uchimbaji mkubwa mahali hapo. Katika matabaka ya chini walikuta mnara wa mawe wenye kimo cha mita 8.5 na ngazi ndani yake, uliojengwa karibu mwaka 8000 KK, kabla watu wa huko hawajajua kufinyanga vyungu. Juu ya tabaka hilo walikuta nyumba za pembe nne zenye sakafu zilizopakwa chokaa na kusuguliwa hadi zikawa laini. Sakafu hizo zimekuwa na faida ambayo wajenzi wake hawakuifikiria, kwa kuwa juu ya sakafu laini ufa huonekana wazi.

Nyufa katika sakafu

Mwaka 2012 watafiti kutoka Italia na Israeli walichapisha utafiti kuhusu nyufa hizo. Walirudi kwenye picha na michoro ya wachimbaji waliotangulia, wakaichunguza upya kwa macho ya watu wanaojua matetemeko. Waliona nyufa zilizokatiza sakafu na kuta, kuta zilizolala chini, sehemu za majengo zilizohama kutoka kwenye mstari wake, na mifupa ya watu iliyosogezwa kutoka mahali pake.

Walipolinganisha alama hizo na umri wa matabaka, walihitimisha kwamba Yeriko ilipigwa na matetemeko mawili kati ya mwaka 7500 na 6000 KK. Hakuna mtu aliyeyaandika matetemeko hayo, kwa maana maandishi yenyewe yalikuwa bado hayajabuniwa. Habari zake zimehifadhiwa na udongo peke yake.

Tetemeko, vita au uzee?

Ukuta unaweza kuanguka kwa sababu nyingi: mvua, msingi mbovu, adui, au kuachwa bila matengenezo. Wataalamu hutafuta alama kadhaa kwa pamoja:

• Kuta nyingi zimeanguka kwa wakati mmoja, na mara nyingi kuelekea upande mmoja.

• Ufa umepita moja kwa moja katika sakafu, ukuta na ardhi iliyo chini yake.

• Vyungu vimepondwa mahali pale pale vilipokuwa vimewekwa, au watu wamefunikwa na kifusi bila kuzikwa.

• Hakuna majivu mengi wala vichwa vya mishale, vitu ambavyo kwa kawaida huachwa na vita.

• Makazi ya jirani yana uharibifu wa wakati ule ule.

Mfano mzuri unatoka karne ya nane KK. Nabii Amosi anaeleza kwamba aliona maono yake miaka miwili kabla ya tetemeko la nchi, siku za mfalme Uzia (Amosi 1:1), na Zekaria 14:5 inakumbusha jinsi watu walivyolikimbia. Huko Hazori, kaskazini mwa Bahari ya Galilaya, uchimbaji ulioongozwa na Yigael Yadin katika miaka ya 1950 ulikuta nyumba za wakati huo zenye kuta zilizoinama na kuanguka. Mwaka 2021 wanaakiolojia wa Yerusalemu walitangaza kwamba wamekuta tabaka la uharibifu la karne hiyo hiyo, lenye safu ya vyombo vilivyopondwa sakafuni. Hapakuwa na dalili za moto. Wanaakiolojia wengi wanaamini kwamba alama hizo za miji mbalimbali zinaeleza tetemeko moja, lile la siku za Uzia.

Onyo kwa sisi tunaoamini

Yeriko inatupa pia somo la unyenyekevu. Kabla ya Kenyon, mwanaakiolojia mwingine Mwingereza, John Garstang, alichimba hapo kati ya 1930 na 1936. Alikuta kuta zilizoanguka na akaona kwamba ndizo kuta za siku za Yoshua. Habari hiyo ilienea haraka na kuwafurahisha Wakristo wengi.

Kenyon alipochimba kwa njia bora zaidi na kupima umri wa vigae vya vyungu katika kila tabaka, aligundua kwamba kuta hizo zilikuwa na umri mkubwa zaidi kwa takriban miaka elfu moja. Aligundua pia kwamba kuta za mji wa zama hizo za kale zilikuwa zimejengwa na kujengwa upya mara nyingi, awamu 17 kwa hesabu yake, na kwamba tetemeko lilikuwa mojawapo ya sababu za kuanguka kwake.

Hadi leo wasomi wanajadiliana kuhusu Yeriko na kitabu cha Yoshua, na makala hii haiwezi kumaliza mjadala huo. Tunachosema ni kwamba imani yetu haihitaji kusaidiwa kwa ushahidi uliosukumwa. Anayempenda Mungu wa kweli hana sababu ya kuogopa kupima udongo kwa uaminifu. Kama tungebaki na kuta za Garstang, tungekosa somo kubwa zaidi la mahali hapo: kuta za Yeriko zimeanguka mara nyingi.

Shahidi wa pili: matope

Magofu hayatoi ushahidi peke yake. Chini ya Bahari ya Chumvi kuna matabaka membamba ya matope, meusi yaliyoletwa na mafuriko ya masika na meupe ya madini yanayotua wakati wa joto. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, matabaka hayo huvurugika na kujikunja. Kisha matabaka mapya hulala juu yake yakiwa yamenyooka, na tabaka lililovurugika hubaki katikati kama kovu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kutokana na matope yaliyotobolewa katikati ya bahari hiyo, ulisoma historia ya miaka 220,000. Ulionyesha kwamba matetemeko makubwa yametokea huko mara nyingi zaidi kuliko ilivyodhaniwa hapo awali.

Sababu yake inajulikana. Bonde la Yordani liko juu ya mpaka wa mabamba mawili makubwa ya ardhi yanayopishana polepole, kiasi cha milimita 4 hadi 5 kwa mwaka. Mpaka unaweza kukwama kwa mamia ya miaka huku nguvu ikijikusanya, kisha unaachia ghafla. Tarehe 11 Julai 1927 tetemeko liliua mamia ya watu katika eneo hilo na kubomoa nyumba nyingi, hasa katika mji wa Nablus.

Sisi tuko wapi?

Ramani za zamani za shule zilionyesha Bonde la Ufa kama mstari mmoja kutoka Shamu hadi Msumbiji. Leo wataalamu wanatofautisha. Kule Yordani mabamba yanapishana, na huku kwetu ardhi inavutwa na kuachana. Hata hivyo matokeo kwa mtu aliyelala nyumbani mwake yanafanana.

Mwaka 1910 tetemeko kubwa lilitikisa eneo la Rukwa, na mwaka 1928 lingine lilipiga Subukia, Kenya. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika pande zote mbili za mpaka wa Rwanda na Kongo, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu zaidi ya 15 walikufa, na maelfu ya nyumba yaliharibika.

Tukitazama picha za kifusi cha Kagera na zile za Yeriko, tunaona kitu kimoja: matofali ya udongo yasiyofungwa pamoja. Ardhi inapotikisika, mara nyingi kinachoua ni ukuta na paa. Watu wa Yeriko walirudi, wakajenga kwa udongo ule ule na kwa namna iliyo karibu na ile ile, kwa sababu hawakuwa na njia ya kujua. Sisi tunajua.

Hatua za kupunguza hatari

Nyumba ya udongo inaweza kuwa salama zaidi bila gharama kubwa:

• Jenga juu ya ardhi ngumu. Epuka kifusi, kinamasi na ukingo wa mteremko.

• Kimo cha ukuta wa matofali ya udongo kisizidi mara nane ya unene wake. Ukuta wenye unene wa sentimita 40 usipite mita 3.2.

• Milango na madirisha yawe membamba, na yakae angalau mita 1.2 kutoka kwenye kona.

• Pandisha kuta zote kwa pamoja na upishanishe matofali kwenye kona. Usijenge ukuta mmoja kisha ukaegemeza mwingine.

• Zungushia mkanda juu ya kuta zote bila kuukata, wa zege lenye nondo au wa mbao zilizofungwa imara kwenye kona. Mkanda huo ndio unaofanya kuta nne zitikisike kama sanduku moja.

• Tumia paa jepesi na ulifunge kwenye mkanda. Usiweke mawe juu ya bati ili kulizuia lisipeperushwe na upepo.

Kwa kanisa, shule au zahanati, tafuteni ushauri wa mhandisi kabla ya kuanza. Majengo hayo hubeba watu wengi kwa wakati mmoja.

Je, waliokufa walikuwa na dhambi zaidi?

Baada ya maafa wapo wanaosema kwamba walioangukiwa walikuwa wanaadhibiwa. Maneno hayo huwaumiza wafiwa mara ya pili. Bwana Yesu alizungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4–5). Aliwaita wasikilizaji wake wajitazame wao wenyewe.

Sheria ya Musa nayo inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo (Kumbukumbu la Torati 22:8). Mungu anahesabu usalama wa jengo kuwa sehemu ya kumpenda jirani. Tunaomba ardhi itulie, na tunapomaliza kuomba tunakwenda kukagua kona na mikanda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Wazee wa eneo letu wanakumbuka tetemeko gani? Ni majengo gani yaliyoanguka, na yapi yaliyobaki? Kwa nini?

2. Kagueni pamoja jengo ambalo watu wengi hukutana. Je, lina mkanda juu ya kuta? Kona zake zina nyufa?

3. Someni Luka 13:1–5. Tunawaambia nini watu waliofiwa katika maafa?

4. Tufanye nini ili wajukuu wetu wasisahau tuliyoyaona sisi?