Indiketa ya Kushoto Timboroa

Alfajiri ya Julai, ukungu umeilalia Timboroa. Trela linapanda kuelekea Eldoret na Malaba kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na nyuma yake umejipanga msururu: gari dogo la Probox, matatu mbili, basi lililotoka Nairobi usiku. Dereva wa lori anawasha indiketa ya kushoto. Hana mpango wa kukata kushoto. Huko kuna mtaro na magunia ya viazi yanayongoja wanunuzi. Anachosema ni kwamba mbele kweupe, pita. Probox inachomoka. Angewasha ya kulia, wote wangetulia nyuma.

Usiku, indiketa hiyohiyo ya kulia humwonyesha anayekuja lori linakoishia ubavuni. Likiharibika, utingo hukata matawi na kuyatandaza juu ya lami hatua kadhaa kabla ya kulifikia. Nikiulizwa kuhusu magari yanayojiendesha, huanzia kwenye matawi hayo. Gari la aina hiyo huona kwa kamera, kwa rada na kwa miale ya leza. Matone ya ukungu hutawanya mwanga, basi kamera na leza hufifia. Rada hupenya, lakini picha yake ni ya kukisia, na tawi bichi juu ya lami halirudishi mwangwi wa maana. Kondoo pengine angeurudisha.

Ila kuona ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni kupishana, na hapo hesabu inasaidia. Tuseme lori lina urefu wa mita 17 na linakwenda kilomita 30 kwa saa, na gari dogo linalipita kwa 60. Ukiweka nafasi ya kutoka na ya kurudi, gari lazima lilizidi lori kwa mita 50 hivi, yaani sekunde 6. Katika sekunde hizo limekwenda mita 100, na basi linaloshuka kwa 80 limesogea mita 133. Unahitaji kuona mbele zaidi ya mita 230. Malori yakiwa mawili, yameachana mita 20, unahitaji zaidi ya 400. Ukungu mzito haukuachii hata 60.

Sasa angalia kilichoshangiliwa Ulaya. Aprili 2016 misafara ya malori kutoka nchi kadhaa iliingia Rotterdam, malori yakifuatana kwa karibu na kompyuta zao zikishika breki pamoja kwa redio. Upepo unakatwa na lori la mbele, mafuta yanapungua. Kwenye barabara kuu yenye njia mbili au tatu kila upande, safi kabisa. Lete msafara huo Timboroa, penye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na umejenga ukuta mrefu unaotembea. Hapa kompyuta ipewe amri ya kinyume: malori yaachane, gari dogo lipate pa kuchomeka.

Reli iliujua mtego huu zamani. Njia ya Uganda iliyojengwa miaka ya 1920 inavuka kilele hapahapa Timboroa, futi 9,136 juu ya usawa wa bahari, kwa reli moja tu. Treni haiingii kipande cha njia mpaka stesheni ya mbele iseme ni kitupu. Mwaka 2004 Kurt Dresner na Peter Stone wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walipendekeza kitu cha ukoo huo kwa njia panda: kila gari liombe nafasi na sekunde zake kabla ya kufika, na taa za trafiki zistaafu. Kwa Timboroa, Probox ingeomba sekunde 10 za upande wa pili, na basi lililo nyuma ya kilele lingepunguza mwendo kidogo bila abiria kujua. Redio nayo huzibwa na mlima, kwa hiyo mlingoti ungesimama kileleni.

Lakini relini hakuna bodaboda. Chombo kimoja kisichotuma ujumbe kinatosha kuivunja ahadi nzima, na kwetu vyombo bubu vitakuwa vingi kwa miaka mingi. Hata Texas mambo hayakukaa sawa mara moja: Mei 2025 kampuni ya Aurora ilitangaza malori yasiyo na dereva kati ya Dallas na Houston, na mwezi huohuo mtu akarudishwa kitini kwa ombi la mtengenezaji wa lori. Wala upanuzi wa barabara hii hautufikii: ule wa kutoka Rironi, uliozinduliwa Novemba 2025, unakomea Mau Summit. Timboroa iko mbele yake.

Kwa hiyo mimi ningeanza na lori lenye dereva na kifaa kinachosoma mbele na kuwaambia walio nyuma. Kingesimamia na mteremko pia. Baadhi ya madereva hutoa gia waserereke ili wabakize dizeli ya kuuza. Kompyuta haina mteja wa dizeli.

Ugumu uko kwingine. Leo dereva akiwasha indiketa ya kushoto kimakosa, Probox ikavaana na basi, ni nadra mtu kumwandika kuwa ndiye aliyeruhusu. Ujumbe wa kompyuta hubaki kwenye kumbukumbu, pamoja na saa yake. Nina shaka kama wenye malori watakubali kifaa kinachosema "pita". Kinachosema "usipite" watakifunga kesho.