Kupunguza uzito kabla ya upasuaji wa matiti ya wanaume

Kupunguza uzito kabla ya upasuaji wa matiti ya wanaume ni hatua ambayo madaktari humshauri mwanamume mnene aipitie kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti. Hatua hiyo husaidia kujua kama kilichojaza kifua ni mafuta au ni tezi, tena hupunguza hatari za upasuaji wenyewe. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, suala hili linahusiana pia na dawa za kufubaza VVU.

Aina za matiti makubwa kwa wanaume

Jinekomastia (kutoka maneno ya Kigiriki gyne, yaani "mwanamke", na mastos, yaani "titi") ni kukua kwa tezi ya titi la mwanamume. Hutokea pale nguvu ya homoni ya estrojeni inapozidi ile ya testosteroni. Tezi hiyo husikika kwa vidole kama kisahani kigumu chini ya chuchu, na pengine huuma. Wavulana wengi huipata wakati wa kubalehe, na kwa kawaida hutoweka yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2.

Aina ya pili ni mlundikano wa mafuta bila tezi kukua. Kifua huwa laini kote na hakina kisahani. Wanaume wengi wana mchanganyiko wa aina zote mbili, kwa sababu mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni.

Sababu za kupunguza uzito kwanza

Mafuta hupungua mwili unapopungua, lakini tezi iliyokomaa haipungui kwa mazoezi. Kwa hiyo mwenye mafuta peke yake anaweza kupona bila kupasuliwa, na kwa mwenye tezi daktari huona wazi zaidi kinachopaswa kuondolewa.

Sababu nyingine ni usalama. Kwa mtu mwenye unene uliopitiliza, yaani ambaye uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita hufikia 30 au zaidi, usingizi wa nusu kaputi una hatari kubwa zaidi. Vilevile damu huganda kwa urahisi zaidi katika mishipa ya miguu, na kidonda huweza kuchelewa kupona.

Tena, atakayekonda sana baada ya upasuaji anaweza kubaki na ngozi iliyolegea na kuhitaji kupasuliwa tena. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa kabla ya siku ya upasuaji.

Kupunguza uzito hakumaanishi kujinyima chakula. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilionekana kwamba wafungwa wa vita waliokuwa wameshinda na njaa walipata jinekomastia walipoanza kula vizuri tena. Inafaa kupunguza polepole: kula ugali, wali na viazi kwa kiasi, kuongeza mboga na maharage, kuacha soda, na kutembea au kufanya kazi za mikono kila siku. Pombe nayo, iwe bia, ulanzi au komoni, hunenepesha, na ikinywewa kwa wingi kwa miaka huharibu ini, jambo ambalo lenyewe huleta jinekomastia.

Hali ya Mbeya na Iringa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Hivyo wanaume wengi wa huko hutumia dawa za kufubaza VVU.

Kwa miaka mingi kidonge cha kwanza kilikuwa na efavirenzi, dawa inayojulikana kukuza tezi ya titi kwa baadhi ya wanaume. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye kidonge chenye dolutegraviri. Dawa hiyo nayo imehusishwa na kuongezeka uzito, kama ulivyoonyesha utafiti wa Johannesburg uliotangazwa mwaka huohuo, ingawa zaidi kwa wanawake.

Kwa hiyo wanaume wawili wanaohudhuria kliniki moja wanaweza kuwa na vifua vinavyofanana kwa sababu tofauti: mmoja ana tezi iliyobaki tangu enzi za efavirenzi, mwingine ana mafuta mapya. Kukonda kutamsaidia wa pili. Kwa wa kwanza, tezi iliyodumu zaidi ya mwaka mmoja huwa imejaa nyuzi ngumu, na mara nyingi upasuaji tu ndio huiondoa.

Hatari kubwa ni mtu kuacha dawa kwa aibu ya kifua. Akiacha, virusi huongezeka na huweza kuwa sugu, wakati daktari angeweza kumbadilishia dawa. Vilevile mtu anayekonda bila kukusudia hapaswi kufurahia, bali apimwe, kwa kuwa kukonda huko ni dalili mojawapo ya kifua kikuu.

Upasuaji

Paulo wa Aegina, tabibu Mgiriki wa karne ya 7, alieleza namna ya kupasua matiti ya wanaume. Siku hizi mafuta hufyonzwa kwa mrija, na tezi hukatwa kupitia mpasuo mdogo ukingoni mwa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu.

Dalili zisizosubiri kupungua uzito

Mwanamume anapaswa kwenda hospitali mapema akiona uvimbe mgumu wa upande mmoja, damu kutoka kwenye chuchu, ngozi iliyovutwa ndani, au uvimbe kwenye korodani. Dalili hizo zinaweza kuwa za saratani, ambayo wanaume pia huipata kwenye titi.