Je, Wajua? Bingwa sokoni, sifuri darasani

Je, wajua kwamba mtoto yuleyule anaweza kupiga hesabu bila kukosea sokoni, kisha akafeli darasani?

Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao juu ya watoto watano wachuuzi wa mjini Recife, Brazili. Watafiti walijifanya wateja: nazi kadhaa bei gani, nirudishie chenji kiasi gani. Zaidi ya asilimia 98 ya majibu yalikuwa sahihi. Baadaye watoto haohao walipewa namba zilezile kwenye karatasi, bila nazi wala mteja. Majibu sahihi yakashuka hadi asilimia 37 hivi.

Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi 4, kila moja kruzeiro 35. Akaanza na nazi tatu, 105. Akaongeza 30, ikawa 135. Akamalizia 5 zilizobaki: 140. Kwenye karatasi, 35 × 4 ikamshinda. Nne mara tano, 20. Akaweka 2 kichwani, akaijumlisha na ile 3 kabla ya kuzidisha, akaandika 200. Sokoni asingekubali kamwe bei hiyo, maana angejua mteja atang'aka!

Inauma kufikiria ni watoto wangapi wameambiwa wana vichwa vigumu kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo. Tena katika utafiti huohuo, maswali yalipotolewa kama visa vya kununua na kuuza, majibu sahihi yalipanda hadi karibu asilimia 74.