Neno "Interest": Je, Ni Riba au Ni Jambo Jingine?

Wapo miongoni mwa ndugu zetu waliosoma Kiingereza wanaodai kwamba "interest" ya benki siyo riba, kwa kuwa Kiingereza kina neno lake mahsusi la riba, nalo ni "usury". Wanasema kilichoharamishwa ni hiyo "usury", yaani nyongeza iliyopindukia. Ama "interest" ni malipo ya kawaida tu. Hoja hii imewaponza wengi, hivyo tumeona tulichambue neno lenyewe, kilugha kwanza kisha kisharia.

Asili yake ni Kilatini, interesse, kwa maana ya kuwa baina ya vitu viwili. Wanasheria wa Ulaya ya zama za kati walilitumia kwa tofauti iliyopo baina ya hali ya mdai aliyecheleweshewa haki yake na hali ambayo angekuwa nayo lau angelipwa kwa wakati. Zama hizo Kanisa lilikataza kila ziada juu ya mkopo na kuiita usura. Baraza la Lateran la mwaka 1179 liliamuru walaji riba wanaojulikana wasizikwe mazishi ya Kikristo. Ziada ikafungiwa mlango, lakini fidia ya kuchelewa ikaachwa. Matajiri wakapita hapo hapo: mkopo huandikwa kuwa hauna ziada, muda wake ukafanywa mfupi, na ukipita tu "fidia" huanza kuhesabiwa.

Msomaji aliyepitia tafsiri ya Suratul Baqara bila shaka ameshatikisa kichwa. Riba mashuhuri ya Jahiliya, kama walivyoieleza wafasiri, ilikuwa ndiyo hiyo: deni likiiva, mdai humwambia mdaiwa ama alipe ama aongeze. Mlango ambao Ulaya iliuona wa halali ndio uliofungwa na Qur'ani, na katika aya ya 280 mdaiwa aliye katika dhiki akaamriwa apewe muhula.

Ama kutenganisha "usury" na "interest" kama ilivyo leo, hiyo ni kazi ya bunge. Mwaka 1545, chini ya Mfalme Henry VIII, Uingereza iliruhusu ziada isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Sheria hiyo ikafutwa 1552, ikarejeshwa 1571, na mwaka 1624 kiwango kikashushwa hadi asilimia 8. "Usury" likabaki kuwa jina la kile kinachovuka kiwango cha serikali. Basi tuwaulize ndugu zetu: asilimia 9 iliyovumiliwa mwaka 1620, ilikuwaje uovu mwaka 1630?

Kanuni ya fiqhi, ambayo ni ya tatu katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya, ni kuwa mikataba huzingatiwa kwa makusudio na maana zake, si kwa matamshi. Kwa msingi huo, Majmau ya Utafiti wa Kiislamu ya Al-Azhar ilipokutana Cairo mwaka 1965 iliamua kwamba "fawaid" juu ya kila aina ya mkopo ni riba, iwe chache au nyingi. (Fatwa ya Majmau hiyo ya mwaka 2002 ilihusu fedha zilizokabidhiwa benki kwa uwekezaji, na wanavyuoni wengi waliipinga. Huo ni mjadala wa aina ya mkataba, si wa jina.)

Hapa Waswahili tuwe macho. Hiyo "fawaid" ni wingi wa "faida", neno ambalo sisi tumelichukua kwa chumo la biashara. Anayesoma hati ya benki ya Kiarabu kwa masikio ya Kiswahili ataona halali tupu! Benki zetu, ajabu, huandika "riba" waziwazi kwenye matangazo yao.

Hata hivyo, si kila "interest" ni riba. Wakisema viongozi kuhusu mgongano wa "interest", hayo ni maslahi. Na hati ya Kiingereza ikitaja "interest" ya marehemu katika nyumba au shamba, hiyo ni haki yake au hisa yake, nayo inaingia katika mirathi. Mrithi asije akaiachia hisa ya mama yake kwa kuidhania riba.