Papa wa Nchi Kavu: Kazi za Mikono na Vitafunio kwa Watoto wa Ololosokwan

Kijiji cha Ololosokwan, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kimekaa baina ya mpaka wa Kenya na ukingo wa Hifadhi ya Serengeti, katika malisho wanayoyashiriki ng'ombe wa Wamaasai na nyumbu wa mwituni. Na kutoka hapo hata pwani ya Tanga au ya Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 500. Katika mahali palipo baidi na bahari namna hii, tena penye watu ambao wazee wao hawakuwa na desturi ya kula samaki, mtu angeweza kudhani kwamba jina la papa halina uzito wowote kwa mtoto. Dhana hiyo ingalikuwa sawa zamani, lakini leo hailingani na hali ya mambo. Maana shirika la UNESCO kwa ushirikiano na kampuni ya Samsung lilianzisha kijijini hapo mradi wa kijiji cha kidijitali chenye kutumia nguvu ya jua, na simu za mkononi zimefika hata kwenye maboma ya wafugaji. Wimbo wa watoto juu ya papa mdogo na jamaa zake, ulioenezwa na kampuni ya Pinkfong ya Korea ya Kusini tangu mwaka 2016, ulikuwa mnamo Januari 2022 video ya kwanza ya YouTube kutazamwa zaidi ya mara bilioni 10. Na wimbo wa namna hiyo hauulizi kwanza kama msikilizaji anakaa ufukweni au mlimani.

Basi si ajabu mtoto wa bara akimtaka mzazi wake amfanyie papa kwa siku yake ya kuzaliwa, au mwalimu akitaka kupamba darasa kwa viumbe vya baharini wakati wa kufunga shule. Sanamu za plastiki zinazouzwa mijini ni ghali, na aghalabu si za kweli: papa mmoja amepewa mkia wa nyangumi, mwingine hana mashavu, wa tatu ana meno ya simba. Insha hii yataka kuonyesha kwamba kwa boksi, majivu, ndala zilizochakaa, shanga na unga wa ngano, vitu ambavyo si adimu Ololosokwan, yawezekana kufanya papa wa sahali ambaye ni wa kweli kuliko yule wa dukani, na kwamba mtoto atakayemfanya kwa mikono yake atakuwa amejifunza elimu ya mnyama huyo bila ya kujua kwamba yumo darasani.

Mnyama mwenyewe

Kabla ya kushika makasi, ni wajibu kumjua anayechongwa. Papa ni samaki, lakini mwili wake hauna mifupa. Badala yake una gegedu, yaani kitu laini cha namna ile ile inayosimamisha sikio la binadamu. Pembeni, nyuma ya kichwa, ana mipasuko ya mashavu, na kwa papa walio wengi mipasuko hiyo ni mitano kila upande. Mkia wake umesimama wima, naye huupunga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala, nao hupigwa juu na chini. Mgongo wa papa wengi ni wa kijivu cha giza na tumbo lake ni jeupe, kwa hekima hii: anayemtazama kutoka juu humchanganya na weusi wa kilindi, na anayemtazama kutoka chini humchanganya na nuru ya mbingu. Meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu, na jino liking'oka jingine husogea kushika nafasi yake, katika maisha yake yote.

Watu wa mwambao wamemjua papa karne nyingi kwa njia nyingine. Papa mkavu aliyetiwa chumvi aliletwa Unguja na Mombasa na majahazi kutoka Arabuni na Usomali wakati wa upepo wa kaskazi, akapikwa mchuzi wa nazi ambao harufu yake hufika mtaa wa pili kabla ya sahani haijapakuliwa. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa vyombo vya mbao ili vihimili maji ya chumvi. Na katika kisiwa cha Mafia, upande wa Kilindoni, aghalabu kuanzia Oktoba hadi Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kupita wote duniani, ambaye aweza kupita meta 12 kwa urefu na ambaye, pamoja na ukubwa huo wote, hamdhuru mtu yeyote, kwa sababu chakula chake ni vijidudu na visamaki anavyovichuja majini kwa kinywa kipana. Filamu ya Marekani iitwayo Jaws, ya mwaka 1975, iliwatia watu wengi hofu ya papa. Potwe wa Mafia ni jawabu la kutosha kwa hofu hiyo.

Kazi za mikono

Kazi ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote, ni papa wa boksi. Chukua ubavu wa boksi la sabuni au la biskuti, uchore juu yake umbo la papa aonekanavyo kwa ubavuni, urefu wa shibiri mbili, pamoja na pezi la mgongoni na mkia, kisha ulikate kwa makasi. Pasua tundu jembamba katikati ya kifua, upenyeze kipande kingine cha boksi chenye umbo la mbawa mbili. Hayo ndiyo mapezi ya kifua. Rangi haina haja ya kununuliwa. Pika uji mzito wa unga, uugawe mafungu mawili: moja lichanganye na majivu yaliyochekechwa na mkaa kidogo, upake mgongo, la pili lichanganye na chaki iliyosagwa, upake tumbo. Kijivu cha majivu ya jikoni hushabihiana mno na kijivu cha papa. Uji ukikauka, chora jicho kwa mkaa, na nyuma yake mistari mitano ya mashavu kila upande, kisha mtundike darini kwa uzi. Mtoto akiuliza kwa nini juu ni giza na chini ni nuru, mwambie asimame chini yake atazame, kisha apande kitini atazame tena.

Kazi ya pili ni papa mla taka. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, likiisha kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hulazwa ubavu, na mtu mzima hukata kitako chake kwa kisu kikali ili pawe na kinywa kipana, akizikata kingo kwa pembe tatu tatu ziwe meno. Safu ya pili ya meno, iliyokatwa katika plastiki nyeupe, hubandikwa ndani ya safu ya kwanza ili ukweli wa mnyama usipotee. Papa huyu huwekwa kwenye kona ya darasa, na chakula chake ni karatasi na maganda ya peremende. Wala hakuna mtoto mdogo asiyefurahi kumlisha, hata yule ambaye jana aliagizwa kuokota taka akanuna.

Kazi ya tatu hutumia ndala zilizochakaa, nayo ina mfano mkubwa wa kuigwa. Katika kisiwa cha Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda chombo kilichoitwa Flipflopi, chenye urefu wa meta 9, kwa plastiki iliyotupwa, na ubavu wake ukavikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2019 chombo hicho kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hata Unguja. Ikiwa ndala zaweza kuvika jahazi, sembuse kumfanya papa mdogo! Soli moja ya ndala huchongwa kwa wembe au kisu kidogo iwe na pua iliyochongoka na mkia mwembamba, kisha pezi lililokatwa katika kipande cha soli nyingine huchomekwa mgongoni, na mkia wa wima hufanywa vivyo hivyo. Mtie katika beseni la maji, naye ataelea. Hapo pana somo lingine, kwa maana papa wa kweli hana kibofu cha hewa kama samaki wengine. Ini lake lililojaa mafuta, yale yale ya sifa, humpunguzia uzito, lakini akiacha kuogelea huzama. Katambuga za mpira wa gari hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa ni nzito na huzama.

Kazi ya nne ndiyo ambayo Ololosokwan haihitaji kufundishwa na mtu wa pwani, nayo ni kazi ya shanga. Ngozi ya papa potwe ina mabaka meupe juu ya weusi, yamepangwa kwa safu, na mpangilio wake haufanani kwa papa wawili, hata wataalamu wa Mafia humtambua kila mmoja kwa mabaka yake. Katika pwani ya Kenya iko hikaya isemayo kwamba mabaka hayo ni shilingi alizorushiwa kutoka mbinguni. Mwanamke wa Kimaasai ambaye mikono yake imezoea kupanga nyeupe juu ya buluu na nyekundu anaweza kukata kipande cha ngozi kwa umbo la potwe, kichwa kipana na mkia mkubwa, akashona shanga nyeupe safu kwa safu, na kila mtoto akachagua mpangilio wake. Kitu hicho chafaa kufungwa ufunguo, kutiwa mkufu, au kuuzwa kwa wageni wapitao kwenda Serengeti, ambao bila shaka watastaajabu kumkuta samaki wa Mafia Loliondo.

Vya kutafuna

Katika vitafunio tuna faraja hii, kwamba hakuna hata kimoja chenye samaki ndani yake, na kwa hiyo havimlazimishi mtu kuacha desturi ya wazee wake.

Mandazi ya papa hufanywa kwa vikombe 4 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko cha chai kilichojaa hamira, chumvi kidogo sana, iliki iliyotwangwa, vijiko 2 vya mafuta, na maziwa ya uvuguvugu kiasi cha kikombe kimoja na robo. Pwani wangetia tui la nazi, lakini mfugaji hana sababu ya kwenda mbali. Kanda mpaka donge liwe laini lisiloshika mkono, ulifunike, uliache liumuke hadi lizidi mara mbili. Na kwa baridi ya nyanda za Loliondo usishangae likichukua saa mbili, bali liweke karibu na jiko. Lisukume lisiwe jembamba mno, kisha ulikate kwa kufuata kigezo cha boksi. Meno hayatokei vizuri katika unga uumukao, basi ridhika na pezi, mkia na mipasuko mitano iliyotiwa kwa ncha ya kisu. Kaanga kwa moto wa wastani, ukigeuza, mpaka yawe ya rangi ya dhahabu.

Kashata za karanga hutoa mapezi bila taabu yoyote. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari katika sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka iwe ya hudhurungi, tia vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, koroga upesi, mimina juu ya sinia iliyopakwa mafuta, na kabla haijakauka ikate miraba, kisha kila mraba uukate pembe kwa pembe. Kila kipande ni pezi. Sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wangoje sinia ipoe.

Tikitimaji lipatikanapo mnadani, hutoa papa mzuri kuliko wote. Kata ncha moja kwa mshazari ili tikiti lisimame limeinamia nyuma, pua juu. Upande wa mbele toa kipande kikubwa cha pembe tatu, hicho ndicho kinywa. Menya ganda la kijani kuzunguka kinywa kwa upana wa kidole, na katika weupe utakaobaki chonga meno. Nyama nyekundu ichote kwa kijiko, ikatwe, irudishwe ndani pamoja na ndizi na maembe. Kile kipande kilichotolewa hukatwa kuwa pezi na kushikizwa mgongoni kwa vijiti vya meno, na mbegu mbili nyeusi za tikiti lenyewe ndizo macho. Hesabu vijiti ulivyotumia, na uvitoe vyote kabla watoto hawajaanza kula.

Wazazi na walimu

Visu, wembe, mafuta ya moto na sukari ya moto viwe mikononi mwa wakubwa. Makasi, uji wa rangi, uzi na kazi ya kuchagua shanga viwe vya watoto. Na wakati mikono inafanya kazi, kinywa kiseme. Mfugaji wa Ololosokwan anamjua simba, anamchukia akiingia zizini, lakini ajua pia kwamba pori lisilo na simba limepungukiwa. Papa naye ana daraja hiyo hiyo baharini. Tathmini ya mwaka 2021 ya wataalamu wanaoshughulika na orodha ya viumbe walio hatarini ya shirika la IUCN ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao wako katika hatari ya kutoweka, na sababu iliyo kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Papa hukua polepole na huzaa kwa uchache, hivyo anayevuliwa leo hapati badali yake kesho.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na walimu wa Ololosokwan, na wa kila kijiji kilicho mbali na bahari, wasingoje fedha wala safari. Likizo ijayo chukueni boksi moja na kata moja ya majivu, mkae na watoto, mhakikishe papa wao ana mashavu matano kila upande na mkia uliosimama. Mengine watayatafuta wenyewe.