Skauti Mmoja kwa Mwaka: Gharama Yake na Anayeibeba

Uskauti ulianza mwaka 1907 kwa kambi ya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Leo shirika lake la dunia linataja wanachama zaidi ya milioni 57. Idadi hiyo huonyesha ukubwa tu. Nimejitolea kuongoza skauti kwa miaka mingi na naamini manufaa yapo. Ndiyo sababu nataka yapimwe.

Kipimo kizuri kilitolewa mwaka 2016 na watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow. Walichunguza karibu watu 10,000 waliozaliwa Uingereza Machi 1958, ambao 28% waliwahi kuwa skauti au Girl Guides. Walipofika miaka 50, hao walikuwa na uwezekano mdogo kwa 15% wa kupata wasiwasi uliokithiri au matatizo ya hisia. Maana yake, pale ambapo watu 20 kati ya 100 wangeugua, wangeugua 17 au 18.

Je, ni uskauti au ni malezi? Pengine wazazi makini ndio huwapeleka watoto. Watafiti walizingatia hali ya familia, lakini utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha chanzo moja kwa moja. Hata hivyo, tokeo moja lina uzito: pengo la afya ya akili kati ya waliokulia katika umaskini na wenzao lilikaribia kutoweka miongoni mwa waliokuwa skauti.

Sasa gharama. Tuchukue mfano wa kundi la vijana 32 katika shule ya Nairobi, kwa bei za kukadiria. Sare ya Sh 2,400 ikivaliwa miaka 3 ni Sh 800 kwa mwaka. Kambi moja, chakula na usafiri, ni Sh 1,500. Kamba, mahema na sanduku la huduma ya kwanza, Sh 16,000 kwa kundi, ni Sh 500 kwa kila mmoja. Jumla: Sh 2,800.

Kazi ya viongozi haimo humo. Viongozi 2, wiki 36, saa 2 za mkutano na 1 ya maandalizi, pamoja na saa 36 za kambi kwa kila kiongozi, hufanya saa 288. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua Nairobi mwaka 2022 kilikuwa Sh 15,201.65 kwa mwezi. Kwa mwezi wa saa 208, saa moja ni takriban Sh 73. Kazi hiyo ina thamani ya Sh 21,024, au Sh 657 kwa kijana. Viongozi wengi ni walimu, hivyo makadirio haya ni ya chini.

Makadirio mengine ya kutiliwa shaka ni mahudhurio. Daftari likiwa na majina 32 na wanaofika wakawa 20, kazi hiyo hupanda hadi Sh 1,051 kwa kijana, ongezeko la 60%.

Kwa mzazi, Sh 2,800 ni 18% ya mshahara ule wa mwezi. Kwa watoto wawili ni 37%. Kama utafiti ule ni sahihi, mtoto wa nyumba hiyo ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kupata, na ndiye anayezuiwa na ada.

Punguzo lipo. Skafu ya Sh 300 peke yake, ikivaliwa miaka 3, ni Sh 100 kwa mwaka badala ya Sh 800. Kambi katika uwanja wa shule, bila usafiri, ikikadiriwa Sh 900, huokoa Sh 600. Gharama hushuka hadi Sh 1,500, pungufu kwa 46%, na mafundo, huduma ya kwanza na zamu za uongozi hubaki vilevile. Kundi linalotaka kuonyesha uzuri wa uskauti lianze na bajeti hiyo, kisha lihesabu watoto wanaohudhuria, si majina daftarini.